Chali au kifudifudi: Ushauri uliochukua miaka ishirini kugeuzwa

Mwaka 2005, Ruth Gilbert na wenzake wa Taasisi ya Afya ya Mtoto jijini London walikusanya tafiti za miongo kadhaa kuhusu namna watoto wachanga wanavyolazwa na vifo vyao vya ghafla usingizini. Walitaka kujua ni lini hasa ushahidi ulitosha kuwaambia wazazi wasiwalaze watoto kifudifudi. Walikuta kwamba ulitosha tangu mwaka 1970, lakini wazazi wengi hawakuambiwa hadi miaka ishirini hivi baadaye. Watafiti hao walikadiria kuwa kama tafiti hizo zingewekwa pamoja mapema, vifo zaidi ya 10,000 vingeepukika Uingereza, na visivyopungua 50,000 katika Ulaya, Marekani, Australia na New Zealand.

Hakukuwa na chanjo iliyosubiriwa, wala mashine, wala fedha za wafadhili. Kilichotakiwa ni kumgeuza mtoto alale chali. Ilikuwaje basi jambo jepesi namna hiyo likawachukua mabingwa wa tiba miongo miwili?

Lawama zilianzia kwa mama

Hofu ya mtoto kufa usingizini ni ya kale. Katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, kesi ya wanawake wawili mbele ya Mfalme Sulemani inaanza na mama aliyemlalia mwanawe usiku akafa. Huko Florence, Italia, katika karne ya 18, mayaya walionyonyesha watoto wa wenzao walitakiwa kuweka juu ya mtoto fremu ya mbao na chuma, ili hata yaya akijigeuza asimwangukie.

Mwaka 1892, Charles Templeman, daktari wa polisi mjini Dundee, Scotland, aliandika kuhusu watoto 258 waliokutwa wamekufa vitandani mwa wazazi wao. Aliona kuwa wengi walikufa usiku wa kuamkia Jumapili, baada ya watu kupokea mishahara na kwenda kulewa. Akataja ujinga, uzembe, ulevi na msongamano wa watu katika chumba kimoja. Kwa fikra za wakati huo, tiba ilikuwa wazi: mtoto apewe kitanda chake.

Familia zilizokuwa na uwezo zikafanya hivyo, na bado vifo vikaendelea, sasa ndani ya vitanda ambamo hamna mama wa kulaumiwa. Baadhi ya madaktari walikuwa wameshatafuta ugonjwa wa kuubebesha mzigo huo. Mwaka 1889, Arnold Paltauf wa Vienna alidai kuwa watoto hao walikuwa na tezi ya thaimasi, iliyoko kifuani, kubwa kupita kiasi. Kosa lake lilikuwa la ulinganisho. Maiti nyingi zilizopasuliwa na kuchunguzwa siku hizo zilikuwa za watu maskini waliougua muda mrefu, na maradhi ya muda mrefu huisinyaza tezi hiyo. Mtoto aliyekufa ghafla akiwa mzima alikuwa na thaimasi ya ukubwa wa kawaida, ila ilionekana kubwa mbele ya zile zilizosinyaa. Kwa miongo kadhaa, watoto wasio na ugonjwa wowote walipigwa mionzi kifuani ili kuipunguza, na miaka mingi baadaye baadhi yao wakaja kuugua saratani ya tezi ya shingo.

Mwaka 1969, wataalamu waliokutana Seattle, Marekani, walikubaliana kwamba kifo cha ghafla cha mtoto mchanga kisichoelezeka hata baada ya uchunguzi wa maiti kitambuliwe kama kundi lake lenyewe. Mzazi aliyefiwa sasa aliweza kuambiwa kuwa hakumuua mwanawe. Lakini namna mtoto alivyolazwa haikupewa uzito.

Ushauri uliopendeza akilini

Wakati huohuo, sauti za wataalamu Magharibi zilikuwa zimeegemea upande mmoja. Benjamin Spock, daktari wa watoto wa Marekani ambaye kitabu chake cha malezi cha mwaka 1946 kiliuzwa mamilioni ya nakala, alianza kupendekeza kulaza watoto kifudifudi katika matoleo ya kuanzia mwaka 1956. Hoja ilikuwa kwamba mtoto anayelala chali akicheua maziwa atapaliwa. Isitoshe, kichwa kinaweza kubonyea nyuma. Hospitalini nako, wauguzi waliwalaza kifudifudi watoto waliozaliwa kabla ya siku zao kwa sababu walionekana kupumua vizuri zaidi, na mazoea hayo yakafuata watoto wenye afya hadi majumbani.

Hoja ya kupaliwa ilikubalika kwa urahisi, lakini maumbile yanasema vingine. Mtoto akilala chali, njia ya hewa huwa juu ya umio, yaani njia ya chakula. Maziwa yanayorudi kinywani yanalazimika kupanda ili yaingie kwenye njia ya hewa, na mtoto mzima huyameza au hukohoa. Akilala kifudifudi mambo yanageuka: umio unakuwa juu, na kinachorudi kinaweza kutiririkia kwenye njia ya hewa.

Onyo halikukosekana. Mwaka 1944, Harold Abramson wa New York alichunguza watoto waliodhaniwa kukosa hewa usingizini akagundua kuwa wengi walikutwa kifudifudi. Mwaka uliofuata daktari mwingine alimpinga, na suala likafifia. Tafiti zilizofuata zilitoka moja moja, katika nchi mbalimbali, na hakuna aliyeziweka juu ya meza moja.

Methali inasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Katika habari hii, waliovunjika ni waliosikia.

Daftari la Waholanzi

Uholanzi ndiyo iliyotoa somo lililo wazi kupita yote. Kabla ya miaka ya 1970, kumlaza mtoto kifudifudi hakukuwa desturi ya Waholanzi. Ushauri huo ulipoingia mwanzoni mwa muongo huo, wazazi waliupokea, na kiwango cha vifo vya ghafla vya watoto kikapanda zaidi ya mara mbili katika miaka iliyofuata. Kwa kuwa kila kifo kiliandikishwa, mchoro wa takwimu ulionyesha ushauri na vifo vikipanda bega kwa bega.

Ishara nyingine zilitoka mbali. Mwaka 1985, daktari Mwingereza aliyefanya kazi Hong Kong, D. P. Davies, aliandika kwamba vifo hivyo vilikuwa nadra huko licha ya watu kuishi kwa kubanana katika vyumba vidogo. Jambo moja alilolitaja ni kuwa Wachina wa Hong Kong huwalaza watoto wao chali. Huko Adelaide, Australia, Susan Beal alikuwa akizitembelea nyumba za wafiwa mwenyewe, akiuliza mtoto alilazwaje, alikutwaje, alifunikwa nini. Alifikia jibu lilelile.

Mwaka 1987, watafiti Guus de Jonge na Adèle Engelberts waliwatangazia Waholanzi waache kulaza watoto kifudifudi. Mwaka uliofuata vifo vilipungua kwa karibu asilimia 40. Uingereza, utafiti wa Peter Fleming na wenzake katika eneo la Avon, uliochapishwa mwaka 1990, ulionyesha kuwa hatari kwa mtoto anayelazwa kifudifudi ilikuwa zaidi ya mara nane. New Zealand, iliyokuwa na kiwango kikubwa mno cha vifo hivi, iliendesha utafiti wa nchi nzima wa miaka mitatu chini ya Ed Mitchell na wenzake, na kufikia mwaka 1991 ilikuwa inawaambia wazazi waache.

Mwaka huohuo mtangazaji wa televisheni wa Uingereza, Anne Diamond, alifiwa na mwanawe Sebastian. Alisafiri hadi New Zealand, akaona kilichofanyika, kisha akarudi kuibana serikali ya nchi yake hadi kampeni ikazinduliwa Desemba 1991. Kufikia mwaka 1993, vifo vya namna hiyo nchini humo vilikuwa chini ya nusu ya vile vya mwaka 1989. Marekani ilifuata: madaktari wa watoto walitoa tamko mwaka 1992, na kampeni ya taifa ikaanza mwaka 1994. Watoto waliolazwa kifudifudi, ambao walikuwa takriban asilimia 70, wakawa chini ya asilimia 20 mwishoni mwa muongo, na kiwango cha vifo kikashuka kwa nusu.

Walipowasikiliza Wamaori

Kampeni hizo hazikuwafikia wote sawasawa. New Zealand vifo vilipungua, lakini miongoni mwa Wamaori, wenyeji wa asili wa visiwa hivyo, vilibaki juu. Hatari kubwa ilionekana pale mtoto anapolala kitanda kimoja na mama aliyevuta sigara wakati wa ujauzito. Wahudumu walipowaambia Wamaori waache kulala na watoto wao, wengi hawakukubali. Kwao mtoto kuwa karibu na mama usiku ni malezi.

Katikati ya miaka ya 2000, daktari Mmaori David Tipene-Leach alishirikiana na wasusi kutengeneza wahakura, kikapu bapa kinachosukwa kwa majani ya harakeke. Kikapu kinawekwa juu ya kitanda cha wazazi, na mtoto analala humo, karibu na mama lakini katika nafasi yake. Akina mama wajawazito wakaalikwa kujifunza kusuka vyao, na katika mikusanyiko hiyo wakazungumza pia kuhusu sigara na kunyonyesha.

Somo hilo linatufaa Afrika Mashariki, ambako mtoto kulala na mama ni jambo la kawaida na mara nyingi chumba ni kimoja. Hapa hatari ya kwanza usiku imekuwa mbu. Mradi wa vyandarua vyenye dawa katika wilaya za Kilombero na Ulanga, Tanzania, ulioanza katikati ya miaka ya 1990 chini ya watafiti wa Ifakara na washirika wao, ulionyesha kuwa uwezekano wa watoto wa mwezi mmoja hadi miaka minne kuishi uliongezeka kwa asilimia 27 pale walipolala ndani ya chandarua. Mwaka 2004 Tanzania ikaanzisha Hati Punguzo, vocha iliyomwezesha mjamzito kununua chandarua kwa bei nafuu. Kwa hiyo ushauri wowote wa usingizi salama kwetu unaanza na chandarua kilichochomekwa vizuri chini ya godoro, kisha ndipo yafuate mengine.

Mengine ni haya. Mtoto alazwe chali kila mara, mchana na usiku, juu ya godoro gumu, bila mto, bila blanketi zito, na asivalishwe nguo nyingi hadi atoke jasho. Kwa mama anayelala naye, hatari inakuwa kubwa zaidi ikiwa kitandani humo kuna aliyekunywa pombe au mvutaji sigara, au ikiwa mtoto alizaliwa kabla ya siku zake. Kusinzia naye kwenye kochi ni hatari kuliko kitandani.

Mtoto anakua, kitanda kinabadilika

Vifo vingi vya ghafla hutokea kabla ya miezi sita, na kilele chake ni kati ya miezi miwili na minne. Mtoto anapoonyesha dalili za kujigeuza, asiviringishwe tena kwa shuka, maana mikono iliyofungwa haiwezi kumnasua. Akishaweza kujigeuza mwenyewe pande zote mbili, mzazi anamlaza chali na kumwacha alale atakavyojipanga. Akianza kujivuta na kusimama, godoro la kitanda chake lishushwe.

Hata mbao za kitanda zina historia yake. Marekani iliweka kiwango mwaka 1973: nafasi kati ya fito na fito isizidi sentimita 6, ili mwili wa mtoto usipenye kichwa kikabaki. Mwaka 2011 ikapiga marufuku vitanda vyenye ubavu unaoshushwa, kwa kuwa viungo vyake vililegea na watoto wakabanwa. Anayenunua kitanda cha mtumba aangalie mambo haya mawili kabla ya kuuliza bei.

Kosa la Spock lilijirudia kwa sura nyingine. Mwaka 2009 kampuni ya Fisher-Price ilianza kuuza Rock 'n Play, kilalio kilichoinama ambacho kilidaiwa kumsaidia mtoto anayecheua. Hoja ilivutia tena, na kwa mara nyingine hakuna aliyehesabu kwanza. Karibu vilalio milioni 4.7 viliagizwa virudishwe mwaka 2019 baada ya vifo zaidi ya 30 kuhusishwa navyo. Mwaka 2022 sheria ya Marekani ikapiga marufuku vilalio vya namna hiyo.

Uholanzi iligundua kosa lake kwa sababu ilikuwa na daftari la vifo. Kwetu, mtoto mchanga akifa nyumbani usiku, mara nyingi huzikwa haraka, majirani wakarudi makwao, na kifo chake kisiandikishwe popote. Msiba huo ukiripotiwa kwa mtendaji wa mtaa au kwenye zahanati, pamoja na maelezo ya namna mtoto alivyolala, unawapa wataalamu wetu kitu cha kuhesabu, na ushauri tunaopewa kliniki unaweza kupimwa kwa vifo vyetu wenyewe.