Watu wa Tope: Habari za Mashindano ya Safari

Mwaka wa 1953, Heru, huku kwetu Buha, ikiwa bado chini ya mwami Theresa Ntare, na mtu wa Kasulu akiihesabu njia ya kwenda Kigoma aghalabu kwa siku za mguu, Eric Cecil wa Nairobi na binamu yake Neil Vincent walianzisha Safari, mashindano ya magari ya kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza. Wazo lao la awali lilikuwa magari yalizunguke Ziwa Victoria, nalo, kama lingetimia, lingepita Biharamulo kwa jirani zetu wa kaskazini ya Kibondo. Lakini mvua za mwezi wa Mei na hali ya barabara zikalizuia, ikachaguliwa njia nyingine ya kuziunganisha Kenya, Uganda na Tanganyika. Ndivyo nchi ya Buha ilivyokosa kuiona Safari mlangoni pake, japokuwa kwa tope jekundu la masika haikupungukiwa na sifa hata moja ya kustahili kupitiwa nayo.

Hata hivyo habari zake zilitufikia. Waha wengi wa zama hizo walikwenda Tanga kukata mkonge, wakakaa huko miaka, na njia ya Safari ilipitia milima ya Usambara iliyo jirani na mashamba yale. Basi aliyerudi Heru Juu na blanketi na baiskeli aliweza kurudi pia na hadithi ya magari yaliyopita usiku kwa kishindo, yametapakaa udongo hata rangi zake zisijulikane. Barabara hazikufungwa: dereva alishindana na wenzake huku akikutana na lori la pamba, ng'ombe na mito iliyofurika. Alikwenda zaidi ya kilomita elfu tano, siku na usiku, aghalabu wakati wa Pasaka, na kila dakika aliyochelewa kituoni iliandikwa kuwa adhabu. Gari likizama matopeni, wanakijiji walilisukuma kwa mabega. Na naamini kwa dhati kwamba mikono hiyo isiyoandikwa majina imo katika kila ushindi uliopatikana.

Kwa takriban miaka ishirini ya mwanzo, wakubwa wa Ulaya hawakuweza kuitwaa Safari. Walikuja na magari mapya kutoka viwandani, mafundi na vipuri tele, na madereva waliotukuka kwao; hata Erik Carlsson wa Sweden, aliyeshinda mashindano ya Monte Carlo mara mbili mfululizo, mwaka wa 1964 aliishia nafasi ya pili. Mwaka wa 1963 yalianza magari 84, yakafika saba tu, na la kwanza likawa Peugeot 404 ya Nick Nowicki, mzaliwa wa Poland, na mwenzake Paddy Cliff. Miaka mitano baadaye mvua ikawatenda watu vivyo hivyo: yakafika saba tena, na walioshinda wakawa wawili wale wale.

Lakini wa kusimuliwa kwa kituo ni Joginder Singh. Alizaliwa Kericho mwaka wa 1932, mwana wa Singasinga aliyehajiri kutoka India, akajifunza ufundi katika gereji ya baba yake. Na mtu aliyelelewa kati ya injini zilizofunguliwa hujua kwa sikio kitu kinachotaka kukatika kabla hakijakatika. Mwaka wa 1965 aliingia Safari na mdogo wake Jaswant, katika Volvo PV544 iliyokwisha kutumiwa na timu ya kiwanda mwaka uliotangulia, gari ambalo wenye mali walikuwa wameliacha. Kura ikamwangukia namba moja, naye akaondoka wa kwanza, barabara ikiwa haijavurugwa na magurudumu ya wengine. Bahati hiyo ilikuwa kubwa, sikatai; ila wa mbele hana alama ya kufuata, wala haoni mwenziwe alipozama, na kila kivuko ni yeye wa kukijaribu. Ndugu wale wawili, mmoja ameshika usukani na mwingine saa na ramani, wakafika Nairobi wakiwa washindi, na watu wa kila kabila wakamwita Joginder Simba wa Kenya.

Miaka miwili iliyofuata ushindi ulihamia upande wetu: Bert Shankland, Mskochi aliyefanya makao yake Dar es Salaam, pamoja na Chris Rothwell, walishinda 1966 na 1967 kwa Peugeot 404. Mpolandi, Singasinga na Mskochi, ambao damu haikuwaunganisha, walifanywa kuwa ahali moja na barabara hizi, hata mgeni alipokuja na fedha zake alikuta mbele yake jamaa wanaogombana wao kwa wao mwaka mzima na wanaojuana kwa kila kona.

Ukuta ule ulivunjwa mwaka wa 1972 na Hannu Mikkola wa Finland kwa Ford Escort. Hata hivyo Joginder, safari hii na David Doig pembeni yake, alirudi 1974 kwa Mitsubishi Lancer ndogo na kuiacha nyuma Porsche ya Björn Waldegård, kisha akashinda tena 1976.

Mwingine wa ahali hiyo ya barabara alikuwa Shekhar Mehta, aliyezaliwa Uganda. Mwaka wa 1972 Idi Amin alipowafukuza Waasia, jamaa zake wakapoteza makao yao, naye akahamia Kenya. Pasaka ya mwaka uliofuata, akiwa na Lofty Drews katika Datsun 240Z, alimaliza kwa adhabu sawasawa na Harry Källström, aliyeendesha Datsun pia. Ikabidi ushindi uamuliwe kwa kanuni ya nani aliyekwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu ya kwanza, na aliyefukuzwa nchini mwake akapewa kikombe. Baadaye alimpata Mike Doughty kuwa mwenzake wa garini, wakashinda pamoja 1979, 1980, 1981 na 1982 bila kukatiza, na hakuna dereva aliyepata kuishinda Safari mara tano kabla ya Mehta.