Likembe ya Umeme: Habari ya Fundi Mmoja wa Kinshasa



Karibu kila nyumba ina pembe ya vitu vilivyokufa: redio isiyosema tena, tochi iliyoliwa na kutu, simu iliyopasuka, betri ya motokari isiyoshika moto. Na mara nyingi yuko kijana mmoja anayevizunguka vitu hivyo, bisibisi mkononi. Wazazi humkemea: «Acha takataka hizo, shika kitabu!» Pengine wana haki, mambo ya nyumba yao wanayajua wenyewe. Lakini kabla ya kumfukuza kijana huyo, afadhali tusikilize habari ya mtu mmoja wa nchi yetu aliyefungua takataka kama hizo, na kazi yake ikasikika mbali sana. Jina lake ni Mawangu Mingiedi. Watu wa Kinshasa walimwita Papa Mingiedi.

1. Likembe ni nini?

Likembe ni sanduku dogo la ubao, na juu yake zimepangwa ndimi za chuma. Mpigaji huishika kwa mikono miwili na kuzibonyeza ndimi kwa vidole gumba. Ulimi mrefu hutoa sauti nene, ulimi mfupi hutoa sauti nyembamba.

Wataalamu wa muziki wanaeleza kwamba likembe ya sanduku ilianzia pande za Kongo ya Chini. Mwishoni mwa karne ya 19 ilisafiri pamoja na wapagazi na watumishi wa wazungu, ikapanda kwa kufuata mto mkubwa, hata mwisho ikafika kaskazini mwa Uganda. Si ajabu. Likembe ni nyepesi, inaingia katika mfuko, na mtu anaweza kuipiga huku akitembea. Ni chombo cha msafiri. Ila sauti yake ni ndogo: inamtosha mwenyewe na wale walioketi karibu naye motoni.

2. Mji ulimeza sauti

Mwaka 1960 mji wa Léopoldville ulikuwa na watu wapata laki nne. Mwaka 1966 ulipewa jina la Kinshasa. Hesabu ya watu ya mwaka 1984 ilikuta humo zaidi ya milioni mbili na nusu. Watu walitoka kila upande, na kila kabila lilikuja na ngoma zake.

Mingiedi alizaliwa mwaka 1930. Alikuwa Mzombo, wa kabila linalokaa pande za mpaka wa Kongo na Angola. Alipata kuwa dereva wa malori, tena alikuwa mpigaji hodari wa likembe. Hapo zamani Wazombo walikuwa na muziki wa baragumu za pembe za ndovu. Kila baragumu ilitoa sauti yake moja, na wapigaji wengi walipokezana mpaka wimbo ukakamilika. Mingiedi aliuhamisha muziki ule katika ndimi za likembe, na mwaka 1966 akaanzisha kikundi chake, kilichojulikana kwa jina la Konono N°1.

Basi fikirini shida yake. Baragumu ya pembe inasikika ng'ambo ya bonde. Likembe haisikiki hata ng'ambo ya barabara. Katika mji kuna motokari, kuna masoko, kuna baa zenye magitaa ya umeme. Kwenye matanga na sikukuu watu wanajaa mamia. Nani atasikia vidole gumba vya mtu mmoja? Kama mambo yangeachwa hivyo, muziki wa wazee ungekufa polepole; si kwa sababu watu waliuchukia, bali kwa sababu hawakuusikia.

Ilimpasa kutafuta njia ya kuikuza sauti ya likembe.

3. Siri ya sumaku na waya

Njia aliyoipata inategemea sheria moja ya maumbile, na sheria hiyo si ngumu. Tuieleze kwa utaratibu.

Ninyi wenye baiskeli mnaijua dinamo. Gurudumu likizungushwa, taa inawaka. Ndani ya dinamo mna sumaku na waya wa shaba uliozungushwa mara nyingi. Sumaku ikisogea karibu na waya, umeme unazaliwa katika waya. Sumaku ikisimama, umeme unakoma.

Aliyeivumbua sheria hiyo mwaka 1831 ni Mwingereza Michael Faraday. Huyu naye hakutoka katika nyumba ya matajiri. Baba yake alikuwa mhunzi, na yeye mwenyewe alipokuwa na miaka 14 aliwekwa kwa fundi wa kujalidi vitabu mjini London. Alivisoma vitabu alivyovijalidi, kisha akayajaribu mambo yake nyumbani. Mwaka 1812 alijitengenezea betri kwa sarafu saba za shaba, vipande saba vya zinki, na karatasi sita zilizoloweshwa kwa maji ya chumvi. Ndivyo alivyoanza mtu ambaye leo majenereta yote ya dunia yanafuata sheria yake.

Sasa turudi kwenye likembe. Ndimi zake ni za chuma. Weka sumaku karibu na ndimi, zungusha waya mwembamba wa shaba penye sumaku hiyo. Ulimi ukibonyezwa unatikisika. Ukitikisika unaichezesha nguvu ya sumaku. Na katika waya unazaliwa umeme mdogo unaotikisika kama ulimi wenyewe. Umeme huo ni dhaifu, kwa hiyo unapelekwa katika mtambo wa kukuza nguvu. Kutoka hapo unafika kwenye kipaza sauti, ambacho hufanya kazi ile ile kwa kinyume: umeme unaingia katika waya ulio karibu na sumaku, waya unatikisika pamoja na ngozi ya kipaza sauti, nasi tunasikia.

4. Vipande vilitoka wapi?

Vitu vya namna hiyo viliuzwa katika maduka ya vyombo vya muziki, lakini bei yake ilikuwa ya watu wengine. Mingiedi na wenzake walichukua sumaku katika vipande vya motokari vilivyokufa. Walichonga maikrofoni za mti, wakatia sumaku hizo ndani yake. Nguvu ya umeme waliipata katika betri za motokari. Kwa kurusha sauti walitumia zile pembe kubwa za chuma zilizobaki tangu wakati wa Wabelgiji; watu waliziita «lance-voix», maana yake kirusha-sauti. Likembe zikawa tatu za umeme: moja ya sauti nene, moja ya katikati, moja ya sauti nyembamba. Na pamoja na ngoma waligonga vipande vya motokari na masufuria.

Mitambo hiyo ilikuwa na kasoro: ilikwaruza. Sauti ilitoka na mngurumo na mvumo ambao likembe ya kijijini haina. Fundi mwingine angekata tamaa. Wao waliisikiliza kasoro ile, wakaona inakubaliana na muziki wao, wakapiga kwa kuifuata. Mwishowe ikawa alama yao, na anayewasikia mara moja hawasahau.

5. Kusahauliwa na kupatikana tena

Mwaka 1978 Mfaransa Bernard Treton aliwarekodi mjini Kinshasa pamoja na vikundi vingine vya namna hiyo. Katika miaka ya 1980 sauti yao ilitolewa Ufaransa kwenye sahani ya santuri ya Ocora. Mbelgiji mmoja, Vincent Kenis, aliisikia sauti ile katika redio, naye hakuweza kuisahau. Mwaka 1989 alikuja Kinshasa kuwatafuta, asiwaone. Miaka iliyofuata ilikuwa ya taabu: mwaka 1991 na tena mwaka 1993 mji uliporwa, na baadaye vikaja vita. Ni mwaka 2000 tu Mingiedi alipopatikana. Alikuwa na miaka 70. Alikusanya kikundi tena, na watoto wake wakiwamo.

Kenis aliwarekodi kwa kompyuta ya kubebeka, na mwaka 2004 albamu yao «Congotronics» ilitoka Brussels. Mwaka 2006 walipewa tuzo ya BBC kwa muziki wa dunia. Mpiga piano Mmarekani Herbie Hancock aliwaingiza katika wimbo mmoja wa albamu yake ya mwaka 2010, na mwaka 2011 wimbo huo ulipata tuzo ya Grammy. Papa Mingiedi alifariki mwaka 2015. Mwanawe Augustin alikuwa amekwisha kushika uongozi wa kikundi.

6. Tujifunze nini?

Sisi Wakongo tunayo sheria isiyoandikwa, «Article 15»: kila mtu ajitafutie njia. Wageni wakisikia habari ya likembe ya umeme husema: «Tazama, umaskini unawafanya watu kuwa na akili!» Maneno hayo yanapendeza sikioni, lakini si kweli. Maskini walikuwa wengi Kinshasa, wala si wote waliotengeneza likembe ya umeme. Umaskini ulimnyima Mingiedi vifaa, na kwa miaka mingi ulimnyima wasikilizaji. Kilichomsaidia ni mambo matatu. Kwanza, alikuwa na haja ya kweli: muziki wa wazee wake usipotee. Pili, alijua vyombo vyake, likembe na motokari, kwa kuvishika miaka mingi. Tatu, alijaribu, akasikiliza, akajaribu tena.

Kwa hiyo ninyi wazazi na walimu, mkimwona kijana na redio iliyofunguliwa, mwulizeni maswali haya: Unatafuta nini humo? Kipande hiki kazi yake nini? Utajuaje kama umefaulu? Akijibu vizuri, mpatieni waya na nafasi. Akishindwa kujibu, mwelekezeni kwa fundi aliye karibu, amfundishe.

Tena mwonyeni juu ya hatari. Chombo kitolewe katika umeme kabla ya kufunguliwa. Televisheni za zamani, zile zenye kioo kinene, zisifunguliwe na mtoto kabisa, kwa sababu zinaweza kushika umeme mkali hata baada ya kuzimwa. Betri ya motokari isipasuliwe: maji yake ni asidi inayounguza ngozi na macho, na risasi iliyomo ni sumu, hasa kwa watoto wadogo. Chuma na shaba vichomwe mbali na nyumba? Hapana, visichomwe kamwe. Moshi wa waya unaoungua unadhuru mapafu. Waya uchunwe kwa kisu.

Mwenye kutaka kuanza, aanze na dinamo ya baiskeli iliyovunjika. Aifungue polepole, aiweke sumaku upande mmoja na waya upande mwingine, na ajaribu kuwaeleza wadogo zake kwa nini taa ilikuwa ikiwaka.