Gango, Kidole na Hatua Nne

Neno mganga, ambalo watu wa pwani hulihusisha upesi na kombe na hirizi, asili yake ni kazi ya mikono. Wachunguzi wa lugha za Kibantu hulirejesha kwenye mzizi wa kale wenye maana ya kufunga na ya kuponya. Kutokana na mzizi huo Kiswahili kimebaki na gango: kipande kinachoshikiza mbao zilizoachana, na vilevile kijiti kinachofungwa juu ya mfupa uliovunjika. Mganga, basi, alikuwa mtu wa kufunga. Na kabla ya kufunga alipaswa kupambanua. Mfupa huvunjika, kiungo huteguka, na tiba zake si moja.

Upambanuzi huo ni jambo la kila wiki katika Nyanda za Juu Kusini, nchi ya milima na mpira. Mwaka 1986 Tukuyu Stars, timu ya mji mdogo wa Rungwe, ilitwaa ubingwa wa Tanzania. Msimu wa 2013/14 Mbeya City, ikiwa ndiyo kwanza imepanda Ligi Kuu, ilishika nafasi ya tatu. Lakini nyuma ya Uwanja wa Sokoine wa Mbeya na ule wa Samora wa Iringa kuna viwanja vya shule na vijiji, ambako kishimo kimoja chatosha kuugeuza wayo kwa ndani. Uzito wa mwili hulalia upande wa nje wa kifundo, na kano zinazokishikilia hunyooka kupita kiasi au huchanika. Saa moja baadaye kifundo kimevimba, na hakuna ajuaye kwa macho kama ni kano au ni mfupa.

Zamani swali hilo lilijibiwa kwa vidole vya wazee waunga mifupa. Mwaka 1895, mmoja tu baada ya Wajerumani kuiangusha ngome ya Mkwawa pale Kalenga, Wilhelm Röntgen aligundua miale ya eksirei huko Ujerumani kwao. Wajerumani hao hao walijenga Iringa jengo la hospitali, ambalo Waingereza walilifanya ofisi na ambalo leo ni makumbusho ya Boma. Tiba ya picha ilipoenea, kidole kilishuka cheo. Picha ikawa hakimu, na aliye mbali nayo akahesabiwa kuwa hana hukumu.

Ajabu ni kwamba hospitali zenyewe zilikirudia kidole. Mwaka 1992 Ian Stiell na wenzake wa Ottawa, Kanada, walitangaza kanuni fupi. Tabibu hubonyeza ukingo wa nyuma na ncha ya kila mfupa uliotokeza kifundoni, wa ndani na wa nje. Hubonyeza pia shina la mfupa mrefu wa upande wa kidole kidogo, na mfupa ulio juu ya upinde wa wayo. Kisha huuliza: mgonjwa aliweza kukanyaga hatua nne alipoumia, na anaziweza sasa? Pasipo maumivu mahali hapo, na hatua nne zikikanyagika, picha si lazima kwa mtu mzima mwenye fahamu timamu. Uchunguzi wa nchi nyingi umeonyesha kwamba kanuni hiyo ni nadra mno kukosa mvunjiko. Kwa mchezaji wa kijiji kilicho mbali na Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya, hilo ni tofauti ya nauli na siku ya kazi. Na anayeshindwa kukanyaga huenda hospitali bila kusitasita.

Gango nalo lina hatari yake. Likikazwa mno huzuia damu; vidole vikipoa, vikififia rangi au kufa ganzi, lifunguliwe mara moja. Hata barafu imepunguziwa sifa: Gabe Mirkin, daktari wa Marekani aliyeieneza mwaka 1978, alikiri mwaka 2014 kwamba hutuliza maumivu lakini yaweza kuchelewesha kupona. Kinachothibitika zaidi ni kukikinga kifundo siku za mwanzo, kukirudisha kwenye mwendo taratibu, kisha kufanya zoezi la kusimama kwa mguu mmoja, ambalo hupunguza kuteguka tena.

Tanzania inamheshimu John Stephen Akhwari, aliyemaliza marathoni ya Mexico mwaka 1968 wa mwisho, goti likiwa limefungwa bandeji. Heshima hiyo ni haki yake. Lakini Akhwari alikuwa na mbio moja ya kumaliza. Kijana wa Iringa ana msimu mzima, na shamba baada ya msimu. Kifundo kilichoteguka kikapuuzwa huteguka tena, hadi mwenyewe aache mpira na bado achechemee kwenye matuta. Ushujaa wake uanze kwa kukaa chini, kuvua kiatu, na kumwachia mjuzi abonyeze.