Maji Yanayomeza Mawimbi: Historia ya Nyambizi za Kutengeneza Nyumbani

John Philip Holland alikuwa mwalimu wa shule. Alizaliwa mwaka 1841 huko Liscannor, pwani ya magharibi ya Ireland, akahamia Marekani mwaka 1873 na kufundisha Paterson, mji wa viwanda katika jimbo la New Jersey. Mwaka 1875 alipeleka mchoro wa nyambizi kwa Jeshi la Majini la Marekani, nao ukakataliwa. Waliokubali kumsikiliza ni wafuasi wa Fenian, chama cha siri cha wazalendo wa Ireland waliokuwa wakitafuta silaha ya kukabili manowari za Uingereza. Hao nao walitaka kuona kwa macho. Holland akawaundia nyambizi ndogo ya urefu wa karibu sentimita 75, ikisukumwa na springi ya kukaza kwa mkono, akaenda kuwaonyesha Coney Island, New York, jinsi inavyozama na kuibuka. Fedha zikatoka.

Kwa fedha hizo aliunda chombo cha kubeba mtu mmoja, chenye urefu wa mita 4 na zaidi kidogo, kikashushwa katika mto Passaic mwezi Mei 1878. Siku hiyohiyo kilizama, kikavutwa, kikarekebishwa, na baada ya wiki chache kikawa kinapiga mbizi na Holland mwenyewe ndani yake. Miaka 22 baadaye jeshi lililomkataa lilinunua nyambizi yake ya sita kwa dola 150,000. Kile chombo cha kwanza alikizamisha kwa makusudi baada ya majaribio. Kiliopolewa mwaka 1927 na sasa kimo katika jumba la makumbusho la Paterson.

Watu wengi hudhani nyambizi ya mfano ni nakala iliyokuja baada ya nyambizi kubwa, kama gari la bati linavyofuata gari la barabarani. Kisa cha Holland kinaonyesha kinyume chake. Chombo kidogo kilitangulia, kwa sababu maji hayabagui ukubwa: yanayoisumbua nyambizi ya tani 700 ndiyo yanayoisumbua ile inayoundwa mezani kwa gundi na msasa. Mafundi wa nyumbani wamefanya kazi halisi ya uhandisi wa baharini kwa karibu karne moja na nusu, na wanastahili kutajwa hivyo.

Upande wa redio ulianza New York pia. Mwaka 1898, katika ukumbi wa Madison Square Garden, Nikola Tesla aliweka kwenye bwawa mashua ya chuma yenye urefu wa zaidi ya mita moja. Hapakuwa na waya wowote kati yake na mashua. Aliigeuza kushoto na kulia, akawasha na kuzima taa zake, na watazamaji walipoambiwa waiulize maswali, taa zilijibu kwa kumweka, Tesla akiziongoza kutoka pembeni. Hataza yake, namba 613,809, ilitolewa tarehe 8 Novemba mwaka huo. Vyote vinavyoendeshwa kwa rimoti leo, kuanzia gari la mtoto hadi droni, vinatokana na mashua ile. Lakini fimbo ya antena yake ilisimama juu ya maji, na jambo hilo dogo lina uzito mkubwa katika historia hii.

Kwa muda mrefu baada ya hapo nyambizi ndogo hazikuwa na redio. Viwanda vya Nuremberg, Ujerumani, maarufu zaidi kikiwa cha Bing, vilitengeneza nyambizi za bati zenye springi. Huko Horsforth, karibu na Leeds nchini Uingereza, kampuni ya Sutcliffe iliuza za kwake kuanzia miaka ya 1930. Ufundi wake ulikuwa wa busara kabisa. Chombo kilikuwa chepesi kidogo kuliko maji, na mapezi yake yaliinamishwa ili mwendo wenyewe ukisukume chini. Springi ikiisha nguvu, mwendo unakoma na nyambizi inaelea tena. Mtoto hakuipoteza. Kanuni hiyo ya kuzama kwa mwendo bado inatumika katika nyambizi nyingi za rimoti, hasa za wanaoanza.

Mwaka 1954 kampuni ya Kellogg's iliweka ndani ya paketi za nafaka za asubuhi nyambizi ya plastiki isiyo na springi wala mota. Mtoto alijaza hamira ya unga kwenye kitundu chini yake. Hamira ikikutana na maji ilitoa gesi, gesi ikakusanyika na kukiinua chombo, na povu lilipotoka juu ya maji kikazama upya. Hapo ndipo watoto wengi wa Marekani walipofahamiana na kanuni ya farumi bila kuambiwa jina lake.

Farumi ndiyo moyo wa kazi yote. Manahodha wa majahazi wanaijua kama mzigo wa mawe au mchanga unaotuliza chombo. Kwa nyambizi, farumi ni maji yenyewe, yanayoingizwa na kutolewa. Chukua nyambizi ya Kijerumani ya aina ya VIIC, iliyotumika sana katika Vita Kuu ya Pili na inayopendwa mno na wajenzi. Ile halisi ilikuwa na urefu wa mita 67, na uzito wa tani 769 ikielea na 871 ikiwa imezama. Ukiipunguza mara 40 unapata chombo cha mita 1.68. Uzito, hata hivyo, hupungua mara 40 kwa 40 kwa 40, yaani mara 64,000. Mfano huo basi una kilo 12 ukielea, na ili uzame sawasawa unapaswa kumeza lita 1.6 hivi za maji. Ukimeza pungufu, mnara unabaki nje. Ukizidisha, unakwenda chini na haurudi.

Namna ya kuyameza maji hayo ndiyo iliyozua ubunifu mkubwa. Mafundi wa Ujerumani walipenda bomba lenye pistoni inayovutwa na mota na skrubu ndefu, kwa mfumo uleule wa bomba la sindano. Kampuni ya Engel ilijipatia sifa kwa matangi ya aina hiyo. Wengine wakachagua pampu ndogo. Wamarekani wengi walitumia gesi iliyosindikwa kuwa kimiminika, ile ya makopo ya kupulizia vumbi kwenye kompyuta: vali ikifunguliwa, gesi inasukuma maji nje ya tangi na nyambizi inaibuka.

Umeme na maji havikai pamoja, kwa hiyo betri, mota na kipokezi hufungiwa ndani ya silinda ya plastiki ngumu inayopitisha mwanga, iliyozibwa ncha zote mbili kwa vifuniko vyenye pete za mpira. Gamba la nje, liwe la faibaglasi au plastiki, huachwa lijae maji. Panapotesa zaidi ni mahali mhimili wa rafadha unapopenya kutoka silinda. Wengi hupaka grisi na kuweka pete za mpira. Baadhi wameondoa tundu kabisa, wakaweka sumaku ndani na nyingine nje, mzunguko ukapita kwenye ukuta mzima bila kuugusa. Risasi huwekwa chini, povu gumu juu, kisha chombo hujaribiwa kwenye beseni la kuogea na vipande vya risasi vikiongezwa gramu kwa gramu. Kazi hii hula jioni nyingi, na mjenzi mwenye haraka huipoteza nyambizi yake siku ya kwanza ziwani.

Redio ilikuja baada ya ndege kufungua njia. Mwaka 1937 ndugu pacha wa Kalamazoo, Michigan, Walter na William Good, walirusha ndege yao ya rimoti iitwayo Guff, ambayo leo ni mali ya makumbusho ya Smithsonian. Vifaa vya wakati huo vilikuwa vya valvu na betri nzito. Transista zilipopunguza uzito huo, na miaka ya 1960 ilipoleta usukani unaogeuka kwa kiasi kile kile mkono unavyosogea, nyambizi ya rimoti ikawa jambo la kufikika kwa fundi wa kawaida. Wajenzi hao wana vyama vyao, SubCommittee nchini Marekani na Association of Model Submariners nchini Uingereza, na hukutana kwenye mabwawa, yakiwemo ya kuogelea, kuonyeshana kazi.

Kizuizi kilichobaki ni maji yenyewe. Mawimbi ya redio ya megahezi 27, 40 au 75 hupenya mita kadhaa za maji baridi, na hiyo inatosha kwa ziwa dogo. Katika maji ya chumvi, yanayopitisha umeme vizuri, mawimbi ya megahezi 40 hupoteza sehemu sita kati ya saba za nguvu yake katika kila sentimita 4 hivi. Ndiyo maana jeshi la Marekani linalazimika kuzungumza na nyambizi zake zilizozama kwa masafa ya chini kama kilohezi 24, kwa mfano kutoka kituo cha Cutler, Maine, chenye minara 26, mrefu zaidi ukiwa na mita 304.

Kisha, kuanzia mwaka 2005 hivi, watengenezaji wa rimoti walihamia gigahezi 2.4. Kwa ndege na magari yalikuwa mapinduzi mema: mwingiliano uliisha, antena zikafupika. Kwa nyambizi ilikuwa hasara tupu. Gigahezi 2.4 iko jirani kabisa na mawimbi ya jiko la maikrowevu, yanayopasha chakula kwa sababu maji huyanyonya. Hata kwenye maji baridi, mawimbi hayo hufifia haraka kama yale ya megahezi 40 yanavyofifia baharini. Wanaoyatumia hulazimika kuacha antena ndani ya mnara, juu ya maji, au kuivuta nyuma kwenye boya, na nyambizi yao haizami kweli. Waliobaki husaka seti za zamani za megahezi 40 na 75 kwenye minada, na kipokezi hutegwa mapema kitoe maji kwenye tangi kikipoteza mawimbi, ili chombo kiibuke chenyewe.

Seti hizo hazitengenezwi kwa wingi tena, na kila mwaka nyingi hutupwa pamoja na vyombo vilivyoharibika. Mwenye rimoti ya zamani kabatini, na mwenye duka la vifaa lenye akiba yake, wasiitupe: waipeleke kwa klabu ya mashua za mfano au kwa shule yenye karakana. Na anayetaka kuanza ufundi huu leo, atafute kwanza redio, ndipo aanze kukata faibaglasi.