Pembetatu ya Ilemi: Ardhi Iliyorithi Mipaka Mingi

Kaskazini-magharibi mwa Ziwa Turkana, zinapokutana Kenya, Sudan Kusini na Ethiopia, pana nchi kame ya nyanda na vilima iitwayo Pembetatu ya Ilemi, ambayo ukubwa wake hutajwa kuwa kati ya kilomita za mraba 10,000 na 14,000, kwa kuwa kila anayeipima huanzia kwenye mstari wake. Mvua ikinyesha, nyanda hizo huota majani yanayotegemewa na Waturkana, Watoposa, Wadidinga, Wanyangatom na Wadassanech, wafugaji wanaohamisha mifugo kufuata majira, hivyo kwamba malisho ya jamii moja msimu huu huweza kuwa ya jirani yake msimu ujao.

Mwaka 1914 Uingereza, iliyotawala Uganda na, kwa ubia na Misri, Sudan pia, iliamua mpaka wa nchi hizo mbili baada ya tume ya Kelly, aliyeiwakilisha Sudan, na Tufnell, aliyeiwakilisha Uganda. Wakati huo Turkana ilihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda, na ilihamishiwa Kenya mwaka 1926. Mstari ulionyooka ulichorwa hadi ziwani ili Sudan ipate njia ya kufikia maji kupitia Ghuba ya Sanderson, ghuba ambayo tangu hapo imekauka, na kwa ajili ya faida hiyo Waturkana walitengwa na malisho yao ya kaskazini. Dhuluma hiyo ilizidi kwa sababu Waingereza walikuwa wamewanyang'anya Waturkana bunduki, ilhali majirani zao waliendelea kuzipata kutoka upande wa Ethiopia.

Sudan, ambayo vituo vyake vilikuwa mbali mno kuweza kulinda eneo hilo, iliiachia Kenya kazi hiyo, na hapo ndipo mistari ilipoanza kuzaana. Mwaka 1938 ulipimwa Mstari Mwekundu, uliokusudiwa kuonyesha upeo wa malisho ya Waturkana. Mwaka 1944 ukachorwa Mstari wa Buluu, uliosogea zaidi kaskazini-magharibi. Na mwaka 1950 Sudan ikaweka mstari wake wa doria, mbali zaidi ya hiyo yote. Hatua hizo zilikuwa za kiutawala, zenye lengo la kuzuia mapigano na kudhibiti mifugo, wala hazikuwa mikataba ya kugawana ardhi, lakini baadaye zilisomwa kana kwamba ni hatimiliki.

Kwa hiyo, viongozi wa Afrika walipokubaliana Cairo, Julai 1964, kuiheshimu mipaka iliyokuwapo wakati wa uhuru, azimio hilo lililotuliza migogoro mingi halikuweza kuamua suala la Ilemi, kwa sababu swali lilikuwa ni mpaka upi hasa uliorithiwa. Kenya imeendelea kulitawala eneo hilo na kuuchora Mstari Mwekundu katika ramani zake kama mpaka kamili, na Sudan Kusini, iliyojitawala Julai 2011, ilirithi dai la Khartoum linalosimama juu ya mstari wa 1914. Wanaolipia ukungu huo ni wafugaji, ambao wizi wa mifugo na mauaji ya kisasi huwafika mahali ambapo ni vigumu kusema ni serikali gani inayopaswa kuwajibika.