Mnyambuliko wa wakati uliopo katika Kihispania

Vitenzi vya kawaida vya Kihispania huishia -ar, -er au -ir. Mzizi haubadiliki, mtendaji huonyeshwa mwishoni, si mwanzoni kama katika Kiswahili. Kwa kitenzi nadar (kuogelea): nado, nadas, nada, nadamos, nadáis, nadan, yaani mimi, wewe, yeye, sisi, ninyi, wao. Vender (kuuza) hutoa vendo, vendes, vende, vendemos, vendéis, venden. Vivir (kuishi) hufuata mkondo huohuo, isipokuwa vivimos na vivís.

Kiwakilishi huachwa mara nyingi, jambo ambalo msemaji wa Kiswahili analizoea upesi. Anayetembeza wageni Diani atasema tu "vivo en Ukunda", naishi Ukunda. Umbo moja la wakati uliopo hubeba kazi ya -na-, -a- na hu-: "los pescadores de Msambweni venden pulpo" ni wavuvi wa Msambweni wanauza pweza, au huuza pweza, muktadha ndio unaoamua. Hufaa pia kwa safari iliyopangwa: "mañana visitamos Wasini", kesho tunazuru Wasini.

Ukanushi ni mwepesi kuliko wetu: no hutangulia, kitenzi kinabaki vilevile. "No vendo" ni siuzi.

Adabu ndiyo inayostahili uangalifu zaidi. Mgeni mzee aitwe usted, na kitenzi kichukue umbo la yeye: "¿usted nada?" Wageni kutoka Amerika ya Kusini hawatumii nadáis, wao husema ustedes nadan.