Sukari, Kisukari na Homoni: Maneno Matatu na Historia Yake

Mwezi Machi 1866 David Livingstone alishuka katika ghuba ya Mikindani, baada ya kushindwa kupata njia katika mikoko ya mlango wa mto Ruvuma, akakaa hapo siku chache kabla ya kuanza safari yake ya mwisho ya bara. Watu humkumbuka kwa usafiri na umisionari, lakini alikuwa pia tabibu aliyehitimu. Lau mgonjwa wa pwani hiyo angalimwendea na kiu isiyokatika, mkojo mwingi na mwili unaokonda, angaliweza kumwambia kwamba mkojo wake una sukari, kwani jambo hilo lilikwisha kuthibitishwa na Mwingereza Matthew Dobson mwaka 1776. Sababu yake asingaliweza kuieleza. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1869, ndipo mwanafunzi wa udaktari wa Berlin, Paul Langerhans, alipoona kwa hadubini vikundi vya seli vilivyotawanyika ndani ya kongosho, wala yeye mwenyewe hakujua vina kazi gani.

Twaanza na habari hiyo kwa sababu majina ya ugonjwa huu, katika lugha nyingi, yaliundwa kabla ya sababu yake kujulikana. Wayunani waliuita kwa neno lenye maana ya kupita moja kwa moja, kama maji katika bomba. Baadaye likaongezwa neno la Kilatini lenye maana ya asali. Waganga wa Bara Hindi wa kale waliuita mkojo wa asali, maana waliona sisimizi wakiukusanyikia. Kiswahili nacho kimefuata mkondo huo huo. Neno sukari tumelipata kwa Waarabu, nao kwa Waajemi, nao kwa Wahindi, ambao katika Kisanskriti walilitumia pia kwa maana ya changarawe. Kwa hiyo limesafiri katika bahari ile ile iliyoleta majahazi Mikindani kwa pepo za kaskazi. Kutokana na sukari tukaunda kisukari. Neno hili halina kasoro ya umbo, ingawa ndizi ndogo tamu nazo huitwa hivyo, na hatujasikia mtu akazichanganya na maradhi.

Kasoro imo katika matumizi. Wasemaji wengi wana desturi ya kuuita ugonjwa kwa jina la kitu kilichomo mwilini. Husemwa, “Mzee ana presha”, “Mjomba anaumwa tezi dume”, “Bibi ana sukari”. Lakini kila aliye hai ana presha, kila mwanamume ana tezi dume, na damu ya kila mtu ina sukari. Ikimwishia hupoteza fahamu. Katika mazungumzo ya barazani desturi hiyo haidhuru. Katika tafsiri ya kitaalamu inadhuru, kwa kuwa mfasiri akishazoea kuwa sukari ni ugonjwa, hutafsiri kupanda kwa sukari ya damu kuwa kisukari, ilhali hayo ni mambo mawili. Sukari yaweza kupanda kwa siku chache kisha ikashuka. Kisukari hutambuliwa kwa vipimo vilivyowekwa, kama vile milimoli 7 au zaidi kwa lita moja ya damu kabla ya mtu kula, na kwa asiye na dalili kipimo hurudiwa.

Fauka ya hayo, jina linalotaja sukari humwelekeza msikilizaji kwenye chai na vitumbua, yaani kwenye kinachoingia kinywani. Historia ya sayansi ilielekea kwingine. Mwaka 1889, katika mji wa Strasbourg, Oskar Minkowski na Joseph von Mering walimwondoa mbwa kongosho, naye akapata kisukari. Mwaka 1905 Mwingereza Ernest Starling alianza kutumia neno tunaloliita homoni kwa kemikali inayotolewa na kiungo kimoja, ikasafiri katika damu na kuamuru kazi ya kiungo kingine. Katika miaka ya 1921 na 1922, huko Toronto, Banting, Best, Collip na Macleod walifaulu kuipata insulini na kuwapa wagonjwa. Jina hilo linatokana na neno la Kilatini lenye maana ya kisiwa, kwa ajili ya vile vikundi alivyoviona Langerhans, ambavyo madaktari waliviita visiwa. Msomaji wa pwani hana haja ya kuliona geni: insulini ni kitu cha kisiwani.

Je, homoni tuiite homoni? Wako waliopendekeza kichocheo, na kwa asili ya neno la Kiyunani, ambalo ni kuchochea, wana hoja. Hata hivyo tunaona pendekezo hilo halitoshi. Kwanza, kichocheo kimekwisha kupewa kazi katika kemia. Pili, na hili ndilo zito, homoni nyingine huzuia badala ya kuchochea. Insulini hushusha sukari ya damu. Glukagoni, iliyopewa jina mwaka 1923 na kutoka katika visiwa vile vile, huiamuru ini kutoa sukari iliyohifadhi. Adrenalini, kotisoli na homoni ya ukuaji nazo huipandisha. Bernardo Houssay wa Argentina alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1947 kwa kuonyesha jinsi tezi iliyo chini ya ubongo inavyoshiriki katika jambo hili. Tukiziita zote vichocheo, mwanafunzi atauliza ni kipi kinachochea na kipi kinatuliza, na jina halitamsaidia.

Mkoa wa Mtwara una wasemaji wengi ambao lugha yao ya kwanza ni Kimakonde, Kimakua au Kiyao, nao hupata habari za afya kwa Kiswahili. Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini imejengwa Mitengo, katika Manispaa hiyo hiyo ya Mtwara Mikindani. Sasa tumchukue mgonjwa anayetumia insulini, aliyeshikwa na homa, hali kitu. Akiwa amefundishwa tu kwamba kisukari ni ugonjwa wa kula sukari, ataona hana haja ya sindano, maana hajala. Kumbe homa imeamsha adrenalini na kotisoli, ini linamimina sukari, na kuacha insulini kwaweza kumwua. Vivyo hivyo mgonjwa aamkaye alfajiri akakuta kipimo kimepanda kuliko cha usiku. Hakula kwa kificho, bali homoni za mapambazuko ndizo zilizofanya kazi. Mja mzito naye hupandishwa sukari na homoni za kondo la nyuma, na mwenye pumu hupandishwa na prednisoloni, dawa iliyo jamaa ya kotisoli.

Kwa hiyo twapendekeza kisukari kibaki kuwa jina la ugonjwa peke yake. Sukari ya damu iwe jina la kile kinachopimwa, nayo isemwe kuwa imepanda au imeshuka. Na homoni itumike bila mabano wala maelezo marefu, pamoja na insulini, glukagoni, adrenalini na kotisoli. Katika vipeperushi, sentensi “kisukari husababishwa na kula sukari nyingi” iondolewe, na mahali pake iandikwe: “Katika kisukari, mwili umekosa insulini, au insulini iliyopo haifanyi kazi ipasavyo, ukiugua homa usiache sindano, pima sukari ya damu mara kwa mara, na umwone mganga siku hiyo hiyo.”